Bodi tupu ufukweni: Nani amalize boti ya familia Mtwara?

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

Maji yakipwa Mikindani, ufukwe hugeuka karakana. Mashua zimelala ubavu topeni, nyingine zimesimamishwa kwa gadi, na harufu ya sifa ya papa inachanganyika na moshi wa makuti yanayochomwa chini ya chombo kuua wadudu wanaotoboa mbao.

Katikati ya vyombo hivyo vya mbao, siku hizi unaweza kukuta kitu cha namna nyingine: bodi la faiba, jeupe, la mita sita au saba. Halina sitaha, halina viti, halina usukani wala mlingoti. Limewekwa juu ya magogo mawili ya mnazi, moja mbele na moja nyuma. Ndani mna maji ya mvua na majani makavu.

Bodi kama hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ana mpango. Analimalizia yeye, kidogo kidogo, kwa mikono yake na ya wanawe, mpaka liwe boti ya familia: ya kwenda Msimbati siku ya Idi, ya kutembelea jamaa Lindi, na Mungu akijalia, ya kufika Kilwa na Mafia.

Mpango huo ni mzuri, na makala haya yanauunga mkono. Lakini kati ya bodi tupu na boti ya kubeba mke, watoto na bibi kuna kazi ambayo haionekani kwa anayetazama kutoka nje. Kazi hiyo ikifanywa ovyo, itakayolipa ni familia iliyomo ndani.

Fedha ya korosho, msimu wa mvua

Tatizo la kwanza ni la kalenda. Mkoa wa Mtwara unaishi kwa korosho, na minada ya korosho chini ya vyama vikuu vya ushirika hufunguliwa Oktoba. Fedha zinaingia mifukoni Novemba na Desemba. Huo ndio wakati mtu anapopata uwezo wa kununua kitu kikubwa, na ndio wakati mvua za kusini zinapoanza. Zitanyesha hadi Aprili.

Kwa hiyo bodi hununuliwa mvua ikiwa mlangoni, likawekwa uwanjani bila banda. Watu hudhani faiba haidhuriki kwa maji. Bodi tupu hudhurika, ila kwa njia nyingine.

Bodi lisilo na sitaha wala kuta za ndani halijapata nguvu yake. Linanepa. Likiegemea sehemu mbili tu, huanza kuchukua umbo la mahali lilipolala: tumbo linashuka, kingo zinafunguka. Mvua ikiacha maji ya kina cha sentimeta kumi kwenye sakafu ya mita sita kwa moja na nusu, hizo ni lita 900, karibu tani moja ya uzito uliokaa mahali ambapo hakuna gadi. Miezi minne ya hivyo inatosha. Ukija kufunga sitaha Mei, unaifunga juu ya bodi lililopinda, na pindo hilo litabaki humo maisha yote ya chombo.

Mafundi wa mbao wanalijua jambo hili bila kufundishwa darasani. Chombo kikiwa nchi kavu hugadiwa pande zote, na gadi hukaguliwa kila mara. Anayenunua bodi la faiba angewauliza kwanza wazee hao hao.

> Bodi lisilo na sitaha wala kuta za ndani halijapata nguvu yake. Likiegemea sehemu mbili tu, linapinda.

Kumalizia si jambo geni pwani

Katika ujenzi wa kale wa pwani yetu, fundi hakukabidhi chombo kilicho tayari kusafiri. Alitandika mkuku, akasimamisha mataruma, akapiga mbao, akatia kalafati, akapaka deheni. Mara nyingi kazi yake iliishia hapo. Mlingoti, foromali, tanga, henza, nanga na farumi (uzito wa kukituliza chombo) vilikuwa shughuli ya mwenye chombo na nahodha wake. Mshonaji wa tanga alikuwa mtu mwingine kabisa.

Maana yake ni kwamba bodi na chombo vilihesabiwa mbali, na mwenyewe alishiriki kukamilisha. Lakini hakushiriki peke yake. Nyuma yake kulikuwa na nahodha aliyekuwa amesafiri misimu mingi, anayejua farumi ikae wapi na tanga liwe la ukubwa gani. Elimu hiyo haikuandikwa. Ilikuwa katika mtu aliyesimama karibu.

Watu wa kusini wana sababu za kale za kutegemea bahari. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Mto Rufiji mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam kwa barabara ilikuwa mateso, na wengi walisubiri meli. Lami ilipofika, bahari ikasahaulika upesi. Kisha Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zikaikata barabara hiyo hiyo eneo la Somanga, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Malori yalipanga foleni, na watu wakakumbuka tena kwamba upande wa mashariki wa nyumba zao kuna njia.

Faiba imeingia kwa nguvu

Zamu ya mbao kuiachia nafasi faiba ina sababu zinazoeleweka. Miti ya kujengea vyombo, mvule, mninga, mkongo, imekuwa adimu na ghali, na kuivuna kunataka vibali. Mikoko, iliyotoa mataruma yaliyojipinda kwa asili, ni msitu wa hifadhi. Serikali nayo, kupitia Wizara ya Mifugo na Uvuvi, imekuwa ikitoa mikopo isiyo na riba ili wavuvi na vikundi wapate boti za kisasa za faiba.

Boti hizo hutolewa zikiwa zimekamilika, kwa ajili ya uvuvi. Familia inayotaka boti ya matembezi haimo katika mpango huo. Inabaki na njia mbili: kununua boti kamili kwa bei ya nyumba, au kununua bodi na kumalizia. Kwa hesabu ya kawaida ya wajenzi, bodi ni robo, na likizidi sana theluthi, ya gharama ya boti nzima. Bei ya bodi ndiyo inayomvuta mnunuzi, na hiyo robo tatu iliyobaki ndiyo inayomkwamisha.

Waingereza walilipitia hili miaka ya 1970. Viwanda kama Colvic Craft viliuza mabodi matupu ya faiba, na watu wa kawaida, walimu, mafundi umeme, makarani, wakayamalizia kwenye nyua za nyumba zao mwishoni mwa juma. Wengine walizunguka nayo dunia. Mabodi mengine yalikaa uwanjani mpaka yakaota ukungu, yakauzwa kwa bei ya kutupa. Mwingereza mwenzao James Wharram, aliyefariki mwaka 2021, alichukua njia nyingine: aliuza ramani za boti za mabodi mawili ambazo mtu angeweza kuzijenga kwa plaiwudi, na ramani zake zilikuja na maelekezo ya hatua kwa hatua. Hapo kuna funzo kwetu. Mtu wa kawaida anaweza kumaliza boti yake pale anapoelekezwa.

Karibu zaidi na nyumbani, mwaka 2018 mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walishusha Flipflopi, jahazi la karibu mita tisa lililojengwa kwa plastiki zilizookotwa. Mapema mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Plastiki haina nyuzi kama mbao, haishiki msumari kama mvule, lakini mafundi wale wale, kwa macho yale yale, waliipa umbo la chombo. Nawataja kwa sababu kuna wanaosema faiba itaua ufundi wa pwani. Ufundi utakufa ikiwa mafundi hawataitwa.

Ndani ndiko kwenye kazi

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapopotea.

Kuta za ndani ndizo zinazolipa bodi uti wake. Hukatwa kwa plaiwudi ya baharini, siyo ile ya dari, kisha hushikwa kwenye bodi kwa mikeka ya faiba na rezini. Kosa la kawaida ni kuukata ukuta ukabana kabisa kwenye faiba. Mahali hapo panakuwa pagumu kuliko pembeni yake, na kila wimbi linapopiga, bodi hukunjika kwenye mstari huo hadi lipasuke. Ukuta uachiwe nafasi ndogo, ijazwe kitu laini, kisha kona ziviringwe kwa rezini kabla ya kulaza mikeka.

Rezini ya Mtwara haifanani na rezini iliyoandikwa kwenye kopo. Dawa ya kuigandisha huchanganywa kwa kiasi kidogo sana, kati ya asilimia moja na mbili. Kwenye joto letu, asilimia mbili saa sita mchana inagandia ndooni kabla hujamaliza kupaka. Fundi mzoefu huanza alfajiri, hushuka kwenye asilimia moja, na huacha jua likipanda. Siku ya mvua au ukungu hafanyi kazi hiyo, kwa sababu unyevu huzuia mkeka kushika vizuri, na kasoro hiyo haionekani mpaka mwaka wa pili.

Neno kwa wazazi: mvuke wa rezini ni sumu na unashika moto. Dawa ya kugandisha ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Hii si kazi ya kumwacha mtoto aingie chumbani kwenye boti akashike kopo, wala si kazi ya sigara.

Kisha farumi. Boti ya matanga bila uzito chini hupinduka. Mawe na mchanga vilitosha kwenye mashua kubwa yenye tumbo, lakini boti ya mita saba haina nafasi hiyo. Zege lina uzito wa mara mbili na nusu hivi ya maji, chuma karibu mara nane, risasi mara kumi na moja. Tani moja ya zege inakula nafasi ya karibu nusu mita ya ujazo, na tani hiyo hiyo ya chuma inakaa katika pungufu ya theluthi ya nafasi hiyo. Wengi hutumia chuma chakavu kilichomiminiwa zege ndani ya mkuku. Njia hiyo inafaa, kwa sharti moja: ifungwe juu kwa faiba kabisa. Maji ya chumvi yakipenya, chuma kinashika kutu, kutu inavimba, na mkuku unapasuliwa kutoka ndani. Risasi ya betri mbovu isiyeyushwe nyumbani, kwani moshi wake unadhuru ubongo wa watoto.

> Tangi la lita 200 ni kilo 200. Likikaa juu ya paa la chumba, umejenga boti ya kupinduka.

Baada ya farumi, kila kitu kinachoingia ndani kina uzito na mahali pake. Tangi la maji la lita 200 ni kilo 200. Likikaa chini katikati ni rafiki. Likikaa juu ya paa la chumba ili maji yashuke yenyewe bombani, kama tulivyozoea majumbani, ni hatari. Likiwa nusu, maji yanakimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi. Injini ya kupachika nayo inavuta nyuma, na mwenye boti akiongeza jiko, betri na mafuta upande huo huo, pua inanyanyuka na maji yanaingia shetrini.

Tanzania inajua bei ya uzito uliokaa vibaya. MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria Mei 21, 1996, na mamia ya watu wakafa. Meli na boti ya familia vinatofautiana kwa ukubwa tu. Maji yanavipima kwa kanuni ile ile.

Pande mbili zinazovutana

Kuna mafundi wanaopinga kabisa mtu kumaliza boti yake. Hoja yao ni nzito. Mtu asiye fundi hajui asichokijua. Huweka nguvu kwenye vinavyoonekana, rangi, viti, taa, na kupita haraka kwenye koki za chini ya maji, pampu ya ngamani na bolti za usukani. Nao pia wana watoto wa kusomesha, na kila bodi linalomaliziwa nyumbani ni kazi iliyowapita.

Upande wa pili wako wenye mabodi. Kwao, fundi ni gharama isiyo na mwisho: leo amekuja, kesho amekwenda msibani, keshokutwa anataka malipo ya awali kwa kazi ya mtu mwingine. Wanasema aliyefunga kila bolti kwa mkono wake ndiye atakayejua pa kushika usiku chombo kikivuja. Hoja hii nayo ina ukweli, na baharini ina thamani kubwa.

Kwa maoni yangu, pande hizi zinagombania swali lisilo lenyewe. Swali lenyewe ni nani anakagua, na lini.

Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017 na kuchukua majukumu ya majini yaliyokuwa ya SUMATRA, mamlaka ya zamani ya udhibiti wa usafiri, ndilo lenye dhamana ya usalama wa vyombo. Mkaguzi akija chombo kikiwa kimekamilika, anaona jaketi okozi, kizimamoto, rangi na injini. Haoni ukuta ulioshikwa vibaya nyuma ya kabati, wala farumi iliyoachwa wazi chini ya sakafu. Vimekwisha kufunikwa. Ili kuviona ingebidi avunje, na hakuna anayependa kumvunjia mtu mali yake.

Ukaguzi wa maana ni ule wa katikati: kuta zimesimama, farumi imemiminwa, sitaha haijafungwa. Saa mbili za mkaguzi siku hiyo zina faida kuliko siku nzima baadaye.

Na Mtwara haikosi watu. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA) una kampasi hapo hapo Mikindani. Mwanafunzi anayesoma mambo ya vyombo angepata wapi somo zuri kuliko bodi halisi la jirani, likiwa wazi? Mwenye bodi angepata jicho la pili, fundi wa ufukweni angelipwa kuelekeza, na mkaguzi angekuta kazi imeandikwa hatua kwa hatua.

Bahari ya hapa haisamehe

Wapo watakaosema haya ni makuu mno kwa boti ya matembezi. Watazame ramani.

Mkondo mkubwa wa Bahari ya Hindi unaotoka mashariki hufika pwani ya Afrika karibu na hapa, kati ya Mtwara na kaskazini ya Msumbiji, kisha hugawanyika. Tawi moja huelekea kaskazini, Kilwa na Mafia, mwaka mzima. Likizo ya shule ya Juni huangukia kwenye kusi. Familia ikitoka Mikindani wakati huo inasukumwa na upepo na mkondo pamoja, na Kilwa inaonekana jirani. Kurudi ni habari nyingine: upepo usoni, mkondo usoni, watoto wanatapika, mafuta yanapungua. Likizo ya Desemba ina kaskazi, ambayo huirudisha familia nyumbani vizuri, lakini huo ni msimu wa vimbunga. Aprili 25, 2019, Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, baada ya wakazi wa Mtwara kutakiwa kuondoka maeneo ya mwambao.

Boti ya hapa basi lazima iweze kurudi. Iwe na mkuku wa kuiwezesha kupanda upepo, au injini yenye mafuta ya akiba, na bora vyote viwili.

Upande wa kusini kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye kilometa za mraba 650 za bahari, matumbawe, mikoko na vijiji. Ni mahali pazuri kupeleka watoto. Lakini hifadhi ina viingilio na taratibu zake, na nanga inayotupwa juu ya tumbawe huvunja kilichokua kwa miaka mingi. Anayemalizia bodi anunue kamba ndefu ya nanga mapema, aweze kutia nanga kwenye mchanga.

Mlango wa Ruvuma wenyewe si wa kuchezea. Mafungu ya mchanga huhama kila mafuriko, bamvua hupandisha na kushusha maji zaidi ya mita tatu, na ndani ya mto kuna mamba na viboko. Ni mpaka wa nchi pia. Tangu mashambulizi ya makundi yenye silaha yaanze Cabo Delgado Oktoba 2017, na hasa baada ya kijiji cha Kitaya upande wetu kushambuliwa Oktoba 2020, ulinzi wa eneo hilo ni mkali. Boti isiyo na usajili, iliyomaliziwa uani na isiyojulikana na mamlaka, itasimamishwa, na haki itakuwa upande wa wanaoisimamisha.

Kinachoweza kufanyika kabla ya Oktoba

Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara Mikindani inaweza kutenga kipande cha ufukwe chenye banda la makuti ambapo mabodi yatagadiwa vizuri na kumaliziwa kivulini. Hilo halihitaji bajeti kubwa, na linawaweka wenye mabodi na mafundi mahali pamoja.

TASAC itangaze wazi kwamba mwenye bodi anaweza kuomba ukaguzi kabla ya kufunga sitaha, na iweke siku maalumu kila mwezi kwa ajili hiyo Mikindani. FETA ifungue mafunzo mafupi ya faiba kwa watu wasio wanafunzi wake, na iwape mafundi wa mbao nafasi ya kufundisha, si ya kufundishwa tu.

Nanyi mnaongoja fedha za korosho msimu ujao na mmeshaliona bodi mnalolitaka: jengeni banda kwanza, tafuteni gadi sita badala ya magogo mawili, na kubalianeni na fundi atakayekuja kuikagua kazi kabla hamjafunga sitaha. Hivyo vitatu vikikosekana, bodi libaki kwa muuzaji mpaka vipatikane.